Elimu ya Boksini

Nailoni aliingia chuoni Jumatatu asubuhi kuuza kalamu zinazojua majibu. Alikuwa nazo mia mbili ndani ya begi, kalamu za kawaida kabisa alizozifunga uzi mwekundu shingoni, na kwa saa nzima alisimama nje ya maktaba akieleza jinsi uzi ule unavyovuta kumbukumbu. Hakuuza hata moja. Wanafunzi walimsikiliza kwa adabu, wakamwuliza maswali mawili matatu ya kitaalamu ambayo hakuyaelewa, kisha wakaenda zao wakicheka. Jambo hilo lilimuuma, maana katika vyuo alivyozoea kalamu zile zilikuwa zinaisha kabla ya saa nne.

Jina la Nailoni alibandikwa na watu waliowahi kumkamata, kwa sababu hakunjiki, hachuji rangi, na ukimshika vizuri ndipo anapoteleza. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mama yake tu, pamoja na faili moja la polisi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na ishirini na mitano kati ya hiyo kazi yake ilikuwa kusema kwanza na kukimbia baadaye. Kusema bado alikuwa anaweza. Tatizo lilikuwa magoti. Mwezi uliopita alikimbizwa na mama mmoja muuza vitunguu, mtu mzima mwenye wajukuu, na mama yule alimfikia, akampita, kisha akarudi kumchukua.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: duka la kompyuta lenye mlango wa kioo, yeye awe amekaa kitini na watu waje kwa miguu yao. Fremu ya duka hilo alikwisha iona. Mwenye nyumba alikubali kumshikia hadi Ijumaa, mradi aone bidhaa rafuni, kwa sababu mpangaji wa maneno matupu alikwisha mpata mara mbili na hakutaka wa tatu.

Basi alikuwa anapita chini ya dirisha la ofisi ya mkuu wa chuo, begi begani na moyo chini, aliposikia sauti ya mtu mzima anayekaribia kulia.

"Alhamisi? Alhamisi hii hii?" Mkuu alikuwa anaongea na simu. "Hapana, mheshimiwa, teknolojia tunayo. Tunayo tele! Kompyuta arobaini, mpya, hazijawahi kuguswa na mtu!" Akasikiliza. "Eti wakaguzi wanataka kuziona zikifundisha? Zikimfundisha nani?"

Nailoni akasimama hapo hapo. Nusu ya habari aliipata dirishani, na nusu nyingine aliinunua kwa mfagiaji kwa kalamu tatu. Miaka mitatu nyuma chuo kilipewa msaada wa kompyuta mpakato arobaini za kufundishia. Mkuu alizipenda kwa mapenzi mazito, yale ya mtu anayenunua makochi na kuyaacha na plastiki yake. Alizifungia stoo, ndani ya maboksi yao. Kila tarehe mosi alikwenda dirishani mwa stoo, mikono nyuma, akahesabu maboksi kupitia nondo, akaomba anyanyuliwe moja aone uzito, kisha akarudi ofisini amefurahi. Mhadhiri yeyote aliyeomba kuzitumia alijibiwa kwamba wanafunzi wana vidole, vidole vina mafuta, na mafuta ni adui wa maendeleo. Wahadhiri wakaendelea kusoma kwa sauti madokezo yao ya miaka kumi na tano, makaratasi ya njano ambayo mengine yalikuwa na vichekesho pembeni, na vichekesho pia walivisoma, kila mwaka tarehe ile ile.

Nailoni alipiga hesabu ya haraka. Kompyuta ambazo hazifunguliwi kamwe. Ukizitoa ukarudisha maboksi matupu, nani atajua? Ni wizi ambao mwenye mali mwenyewe amekwisha kukuandalia miaka mitatu, na kuuacha ungekuwa kumkosea heshima.

Saa sita mchana alirudi na tai, koti, na jina refu.

"Mkuu, mimi ni mtaalamu wa teknolojia ya ufundishaji. Nimesikia mna tatizo."

"Umesikia wapi?"

"Tatizo kubwa halifichiki, mkuu. Mnazo kompyuta, ila hamtaki ziguswe."

Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso mbili, moja ya jasho na moja ya miwani. Alizitoa zote. "Siyo sitaki, ndugu yangu. Naogopa. Zikiharibika nitajibu nini?"

"Na nani amekwambia lazima zitoke boksini?"

Leso zote mbili zikasimama hewani.

"Hiyo ni elimu ya zamani," Nailoni akasema, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Siku hizi tunatumia elimu ya boksini. Kompyuta inakaa ndani ya boksi lake, safi, na boksi linawekwa mbele ya mwanafunzi. Maarifa yanapenya. Joto la mwili likipita kwenye kadibodi linaingia joto na kutoka elimu. Wewe ukikaa karibu na jiko hupati joto?"

"Napata."

"Ulifungua jiko ukaingia ndani?"

"Sikuingia," mkuu akakiri, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Ila kuna sharti moja. Zimekaa miaka mitatu, zimepoa. Lazima nizipeleke makao makuu yetu nikazichaji maarifa, siku mbili tu, nizirudishe Alhamisi alfajiri. Na katika safari hiyo, mkuu, boksi lolote lisifunguliwe kwenye hewa ya kawaida. Hata kwa upande mmoja. Elimu ikitoka, haikusanyiki tena."

Mkuu aliitisha kikao cha wahadhiri dakika hiyo hiyo. Wahadhiri walikuwa saba, na walipoambiwa kwamba teknolojia mpya haitawataka waguse kitu chochote, wote saba waliiunga mkono. Mmoja aliuliza kama madokezo yake nayo yanaweza kuwekwa boksini. Aliambiwa hilo ni la awamu ya pili.

Mwisho wa meza alikaa Mama Stoo, mtunza stoo, mama wa miaka sitini mwenye miwani ya kamba na daftari kubwa kuliko paja lake. Alikuwa anastaafu Ijumaa ile ile. Nailoni alimwogopa kidogo, kwa sababu watu wa stoo huamini wanachokishika tu. Lakini mama alipoomba kusema, alisema hivi:

"Mkuu, mimi nimekaa na maboksi yale miaka mitatu. Kweli kuna kitu kinapenya. Zamani nilikuwa siwezi hesabu ya kugawanya, sasa naweza."

Kikao kizima kikapiga makofi. Nailoni akamtazama mama yule kwa huruma ya kweli. Wapo watu, akajisemea, Mungu amewaumba ili sisi wengine tule.

Jumanne asubuhi alikuja na pikapu ya kukodi. Mama Stoo alikuwa amekwisha panga maboksi mlangoni, arobaini, kila moja lina mkanda wa gundi na muhuri wa chuo. Kuna msemo kuhusu mwizi na arobaini ambao Nailoni aliuchukia tangu utoto, hivyo akaangalia pembeni na kuanza kupakia. Maboksi yalikuwa mazito. Alifurahia uzito ule, ingawa magoti yalilalamika. Mara moja tu kidole chake kilitafuta pembe ya gundi, apenyeze jicho, aone japo rangi ya mashine.

"Wee!" mkuu akapiga kelele kutoka kivulini, leso juu. "Elimu itatoka!"

Nailoni akarudisha kidole mfukoni. Ingekuwa vibaya kwa mtaalamu kuvunja sharti lake mwenyewe.

"Sasa taratibu ndogo tu, baba," Mama Stoo akasema, akifungua daftari. "Kitu hakitoki stoo bila maandishi. Andika hapa: nimepokea kompyuta arobaini, nzima. Jina. Simu. Saini."

Nailoni akaandika jina refu la tai na koti. Hilo halikumsumbua, lilikuwa la kutupa.

"Na dole gumba," mama akasema, akisogeza kidau cha wino. "Na simama hapo kidogo nikupige picha, ya kumbukumbu. Tabasamu, mtaalamu."

Mkuu alikuwa anaangalia. Dereva wa pikapu alikuwa amewasha gari. Nailoni akatabasamu.

Jumatano saa tatu asubuhi alikuwa ndani ya ile fremu, mlango wa kioo umefungwa, maboksi yamepangwa ukutani. Alikaa kwanza kitini, dakika tano nzima, aonje. Kisha akachukua kisu akafungua boksi la kwanza.

Ndani mlikuwa na tofali.

Lilikuwa tofali zuri, limefungwa kwa uangalifu kwenye makaratasi ya njano. Alifungua la pili: tofali. La kumi: tofali. Alifungua yote arobaini, akabaki amekaa sakafuni katikati ya matofali na madokezo ya somo la uchumi, akisoma bila kutaka kichekesho kimoja cha pembeni, ambacho hakikuwa kibaya. Mwenye nyumba alichungulia kwenye kioo, akatazama bidhaa, akatikisa kichwa na kuondoka akizungusha funguo kidoleni. Hapo Nailoni aliumia. Siyo maumivu ya kukosa mali, hayo alikwisha yazoea. Aliumia kama mtu aliyeonja kiti akaambiwa asimame.

Simu ikalia.

"Mtaalamu, hujambo baba?" Ilikuwa sauti ya Mama Stoo, tulivu. "Umekwisha fungua?"

"Mama, haya ni matofali!"

"Najua, mwanangu. Niliyafunga mwenyewe."

Nailoni alitazama yale matofali arobaini.

"Umeibia chuo kompyuta arobaini?" akasema, na kwa namna ya ajabu alisikia uchungu wa kimaadili.

"Nani kaiba? Miaka mitatu ninazitoa moja moja kwa dirisha la nyuma, nawapa watoto wasome. Ninyi mnadhani wanafunzi wetu wanafaulu kwa madokezo ya njano? Kila mmoja anajua, anayemaliza anampokeza anayekuja. Ofisi tu ndiyo haijui. Sasa wakaguzi wanakuja, na mimi Ijumaa nakabidhi stoo. Boksi likifunguliwa, mkuu anaona tofali, na mimi miaka thelathini ya kazi yangu inaishia kituoni. Kiinua mgongo changu kwaheri. Nilikuwa nimekaa pale nalia, kweli nalia, ukaingia wewe na tai yako. Nikasema, Mungu hamtupi mja wake, huyo mwizi amefika."

"Umenijuaje?"

"Baba, nimekaa mlangoni mwa stoo miaka thelathini. Mtu anayekuja kuchukua namjua kwa anavyofuta miguu."

Nailoni akasimama. Nje ya mlango wa kioo barabara ilikuwa nyeupe. "Mimi naondoka mji huu, mama. Jina lile siyo langu."

"Najua. Lakini dole gumba ni lako, na uso ni wako, na umepokea kompyuta arobaini, nzima. Kimbia, mwanangu. Unatumia gari au miguu?"

Alitazama magoti yake. Nayo, kwa namna ya magoti, yalimjibu.

"Unataka nini, mama?"

"Alhamisi saa mbili. Vaa koti lile lile. Useme tu, hiyo unaiweza."

Alhamisi saa mbili wakaguzi watatu waliingia ukumbini, wakiongozwa na mwanamke mwembamba asiyecheka, mwenye kalamu isiyopumzika. Ukumbini walikaa wanafunzi arobaini, na mbele ya kila mmoja kompyuta iliyofunguliwa, uchi kabisa, bila boksi. Mkuu alipoziona alishika ukuta.

"Mtaalamu!" akanong'ona. "Zimetoka!"

"Zimeanguliwa, mkuu," Nailoni akanong'ona pia. "Maarifa yamekomaa kabla ya wakati. Hakuna chuo kingine kilichowahi kufika hapo."

"Mbona herufi zimefutika? Ile pale ina mkanda wa gundi! Ile nyingine ina ua limechorwa!"

"Zilikuwa mpya juzi, mkuu wangu. Ila kuchaji kwetu ni kwa kasi. Zimesoma miaka mitatu kwa siku mbili. Wewe ungesoma hivyo usingechakaa?"

Mkuu alifikiri, akakubali kwamba angechakaa, na tena akaanza kupata fahari.

Mkaguzi mkuu alisimama. "Tumeambiwa kuna mtaalamu. Tungependa kumwona akifundisha. Anzisha somo, tafadhali."

Sasa hapa inafaa msomaji ajue jambo ambalo Nailoni hakuwahi kumwambia mtu: alikuwa hajawahi kuwasha kompyuta. Alikwisha ziuza, alikwisha zikimbiza, mara moja alikwisha zilalia, lakini kuwasha, hapana. Alisogea kwenye mashine ya msichana wa mstari wa mbele, akaigeuza akaizima bila kujua, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kisha akaipiga kofi dogo ubavuni, lile la kumwamsha mtoto. Nyuma kabisa Mama Stoo alikuwa amekaa, daftari pajani, kidole kimewekwa kwenye ukurasa fulani.

"Sijui," Nailoni akasema. Neno lile lilimtoka kwa sababu lilikuwa la mwisho lililobaki. "Mimi hapa sijui kitu. Nifundisheni."

Msichana alimtazama kama anataka kuhakikisha hatanii. Kisha akavuta kiti. "Kaa, mwalimu. Swichi iko huku. Bonyeza, usipige. Sasa subiri. Hapa ndipo tunaweka hesabu za gharama za kiwanda, nilizitengeneza mwenyewe, ukibadilisha bei ya malighafi zote zinabadilika. Jaribu."

Nailoni akajaribu. Namba zikageuka zote kwa pamoja, mstari baada ya mstari, naye akaruka kitini. "Umefanyaje? Rudia!" Mwanafunzi mwingine akainuka kusahihisha, wa tatu akampinga, wa nne akaleta mashine yake, na kwa dakika arobaini na tano ukumbi mzima ulimfundisha mtu mmoja mwenye koti. Aliuliza maswali ya kijinga, yale hasa ambayo kila mtu alikuwa nayo akaona aibu. Aliyauliza kwa dhati. Alikuwa amesahau kabisa kwamba anatapeli, na alipokumbuka alishtuka na kujisikia vibaya kidogo, kama aliyekutwa anafanya kazi.

Kalamu ya mkaguzi ilikuwa haijatulia hata mara moja. "Nimekagua vyuo miaka kumi na minane," akasema. "Kila mahali nakuta mwalimu anayejua na wanafunzi waliolala. Leo nimemwona mwalimu aliyethubutu kutojua. Aliigiza hadi nikakaribia kuamini! Mkuu, mbinu hii ni ya nani?"

"Ni ya chuo," mkuu akasema haraka, akifuta miwani kwa leso ya jasho. "Chini ya uongozi wangu."

"Basi mtaalamu huyu asiondoke. Nitaandika kwenye ripoti awe mwajiriwa wa kudumu. Na nyinyi wahadhiri, kuanzia Jumatatu, nataka kuwaona nanyi hamjui."

Wahadhiri saba wakaahidi kujitahidi. Mmoja alisema kwa upande wake haitakuwa vigumu.

"Stoo nayo," mkuu akaongeza, akiwa amelewa sifa, "mama yetu anastaafu kesho. Mtaalamu atashika na stoo!"

Nailoni alifungua mdomo akatae. Nyuma ya ukumbi, daftari likafunguka polepole. Akaufunga.

Ijumaa asubuhi makabidhiano yalifanyika stoo, watu wawili tu, meza, na kiti kimoja ambacho Mama Stoo alimwachia yeye. Nailoni hakukaa. Safari hii hakuwa tayari kufanywa mjinga. Aliomba kila mwanafunzi alete mashine yake dirishani, akaiwasha mwenyewe, kwa kubonyeza bila kupiga, akasoma namba iliyo tumboni mwake, akaweka alama. Kazi hiyo ilimchukua saa mbili. Msichana wa mstari wa mbele alipita wa mwisho, akamwambia, "Asante, mwalimu. Jana nilielewa nilipokuwa nakueleza." Nailoni alikohoa, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Watu wengi walikwisha mwambia maneno mengi maishani, lakini asante ilikuwa mpya.

Kisha akachukua daftari, akasoma ukurasa mzima, kila mstari, pamoja na maandishi madogo.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Ukurasa ule wa Jumanne unaufuta?"

"Ukitia saini huu, ule naufuta kwa wino mwekundu, mbele yako."

"Hapa pameandikwa nimekabidhiwa kompyuta arobaini."

"Ndiyo."

"Nimehesabu mara mbili. Ni thelathini na tisa."

"Umekuwa mtunza stoo mzuri," Mama Stoo akasema kwa furaha ya kweli, akivaa viatu vyake vya safari. "Nilijua sikukosea kukuchagua."

"Sasa moja iko wapi?"

Mama akauweka mkoba wake begani. Ulikuwa mkoba bapa, mpana, na kwa namna alivyouinua ulikuwa na uzito wake. Akasogeza kidau cha wino karibu na mkono wa Nailoni.

"Dole gumba, baba," akasema. "Gari langu linaondoka saa nne."